Fizi zangu zilitibiwa, halafu bakteria wakarudi

Nilikuwa nimekaa kibarazani nakula embe, bolibo tamu kweli, nikang'ata karibu na kokwa na nilipolitoa mdomoni nikaona mstari mwekundu kwenye njano ya embe. Nikabaki nimelishika tu. Maana miezi saba kabla ya siku hiyo nilikuwa nimetibiwa fizi, nimelipa hela yangu, nimechomwa ganzi upande wa kulia wiki moja na upande wa kushoto wiki iliyofuata, nimekwanguliwa na kile kimashine kinachotetemeka na kumwaga maji mpaka koo linajaa, na mwisho wa yote aliyenitibu akavua glavu akaniambia tayari dada, fizi zako ziko vizuri sasa, endelea kupiga mswaki. Basi. Sikupewa tarehe ya kurudi na mimi sikuuliza, nilijua nimepona kama mtu anavyopona malaria.

Kwenye mambo ya fizi tunaongelea kutibiwa tu, nenda katibiwe, nenda kasafishwe, ila siku zinazofuata haziongelewi, mwezi wa pili, mwezi wa sita. Na kwa nilivyokuja kuelewa mimi, ugonjwa wenyewe unaamuliwa hapo, kwenye hiyo miezi ambayo mtu anajua ameshamaliza.

Damu yenyewe ilianza zamani, kwenye mimba ya mwanangu wa pili. Kila niliyemwambia alinijibu kitu kilekile, hiyo mimba, ukijifungua itaisha, na mama mkwe akaniambia mimba inakula meno, mtoto haondoki bure. Sasa wazee hawakukosea yote, ni kweli homoni za ujauzito zinafanya fizi zivimbe na kutoka damu kirahisi, lakini homoni peke yake haina cha kuchoma kama hakuna ukoga kwenye meno, yaani zinachochea moto ambao kuni zake zilishakuwepo. Nikajifungua, mtoto akatambaa, akaanza chekechea, na mimi bado kila asubuhi natema povu la pinki na kulimwagia maji harakaharaka kabla mume wangu hajaingia bafuni.

Mtaani jina la fizi kutoka damu ni moja tu, kiseyeye. Na dawa yake kila mtu anaijua, vitamini C. Nikanunua vile vidonge vya kumung'unya, nikala machungwa, na hapo naomba ukumbuke mimi nimekulia Muheza, machungwa kwetu tulikuwa tunakula mpaka mikono inanata, mtu wa Muheza kukosa vitamini C ni jambo la kushangaza kabisa. Kiseyeye chenyewe, kile kilichokuwa kinawaua mabaharia wa zamani kwenye safari ndefu bila matunda, kweli kinatokana na kukosa vitamini C, ila damu ninayotoka mimi na pengine wewe unayesoma hapa mara nyingi haina uhusiano na machungwa. Ni bakteria waliokaa kwenye mstari ambapo jino linaingia kwenye ufizi na mwili unapigana nao.

Baadaye kuna mtu kazini akaniambia chukua amoksilini na metronidazo pale duka la dawa, meza siku tano, utanishukuru. Nilimeza. Na kweli damu ilipungua, wiki mbili nikawa naona povu jeupe, halafu ikarudi palepale ilipokuwa. Nilirudia hivyo mara tatu kwa miaka tofauti, leo nikikumbuka naumia, maana dawa zile kuna siku utazihitaji kwa jambo la kufa na kupona na mimi nilikuwa nazitumia kama pipi.

Tuje kwenye yale matibabu. Wiki za mwanzo zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Fizi zilishuka uvimbe, zikawa na rangi ya pinki iliyopauka badala ya ule wekundu wa nyama mbichi, na ile ladha ya chuma niliyokuwa naamka nayo kila asubuhi ikaondoka. Lakini kuna mambo mawili yalitokea ambayo sikuwa nimeambiwa. La kwanza, meno ya mbele ya chini yalibaki na nafasi katikati, vile vipembetatu vyeusi karibu na ufizi, nikinyonya hewa naisikia inapita. La pili, maji ya baridi. Upande wa chini kushoto nikiyagusisha tu nasimama wima. Kwa hiyo nikafanya ambacho wengi wangefanya, nikaanza kuukwepa upande ule, mswaki ukifika pale unapita juujuu kama unafuta vumbi kwenye kioo cha watu, na nikajiambia nauachia upumzike upone.

Mama yangu mdogo mpaka leo hataki kabisa kusikia habari ya kusafishwa meno, anasema shoga yake alienda na meno mazima akarudi yanacheza. Hii nimeisikia kwa watu wengi sana na nimeamua kuisema vizuri kwa sababu inawanyima watu matibabu. Ukoga ukikaa siku kadhaa bila kuondolewa unaanza kunyonya madini ya mate na kuwa mgumu, unageuka ugaga, jiwe kabisa, huwezi kuutoa kwa mswaki hata ukisugua mpaka jasho likutoke. Sasa mtu aliyekaa nao miaka 15 huo ugaga unakuwa umeyashika meno yake pamoja kama saruji, na chini yake mfupa umeshaliwa, ufizi umevimba umeziba mapengo. Siku ukitolewa ndo anaona hali halisi. Meno yalikuwa yameshalegea siku nyingi, yalikuwa yameegemezwa tu. Na ufizi ukinywea baada ya matibabu, mzizi unabaki wazi kidogo, ndo maana ya baridi kuuma, na kwa watu wengi inapungua baada ya wiki kadhaa kama utaendelea kusafisha, tena kwa dawa ya mswaki yenye floraidi. Laiti ningeambiwa hilo siku ileile nisingeukwepa ule upande.

Baada ya lile embe nilienda kwa daktari mwingine, mwanamama mtu mzima, mpole, aliyebobea kwenye fizi. Huyu kabla ya kugusa kitu alichukua kifaa chembamba chenye ncha butu, kina mistari ya milimita kama rula ndogo sana, akawa anakiteremsha kati ya jino na ufizi, sehemu sita kila jino, na kila akiteremsha anataja namba, nesi anaandika. Tatu, mbili, tatu. Tatu, mbili, nne. Nne, tatu, tano, damu. Nilikuwa nimelala macho kwenye taa, sijui namba zina maana gani, ila sauti yake ilikuwa inabadilika kidogo namba zikipanda na mwili wangu ukawa umeshaelewa. Alipofika chini kushoto, kwenye magego, akasema sita. Akarudia kupima. Sita, damu. Jino la nyuma yake saba.

Baadaye nikakaa akanieleza. Moja mpaka tatu ni kawaida, ufizi mzima unashikana na jino karibu kabisa. Kuanzia nne tayari ni mfuko, ufizi umeachana na jino na kuna shimo ambalo mswaki haufiki. Sita, saba, ni mfuko wa kina na chini yake mfupa umepungua. Akaniwekea picha ya eksirei kwenye taa akanionyesha kwa kalamu, mfupa unatakiwa uwe hapa, na wako uko hapa. Kwenye ule upande wa kushoto ulikuwa umeshuka kama kingo ya mto iliyomeguka na maji. Nikamuuliza utarudi? Akasema dada yangu, ufizi ukivimba tu unarudi, ila mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe, tunachofanya ni kuuzuia usiendelee. Halafu akaniuliza waliokutibu walikupangia lini urudi. Nikasema hawakunipangia. Akanyamaza kidogo, akaandika.

Ndipo aliponiambia maneno ambayo nayabeba mpaka leo, kwamba huu ugonjwa uuweke kundi moja na presha na kisukari. Hauponi ukaisha, unatulia, na unatulia kwa muda ule ambao wewe na mimi tunautuliza.

Nikaanza kusoma, nikapekua kila nilichoweza. Kwenye vinywa vya binadamu zimeshatambuliwa aina kama 700 za bakteria, wengi wao hawana ubaya wowote, wako pale tangu tukiwa wachanga. Ukimaliza kusafisha jino, ndani ya dakika chache mate yanapaka utando mwembamba wa protini juu yake, hauonekani kwa macho, na ndani ya saa chache wanafika wale wa kwanza kushika, hao ni wapole tu. Lakini wakiachwa siku mbili tatu wanajengana ghorofa, wa kwanza anashikiwa na wa pili, wanazungukwa na ute wao wenyewe, hewa inaanza kukosekana chini, na penye kukosa hewa wanakuja wale wasiotaka hewa. Mwaka 1998 mtafiti Sigmund Socransky na wenzake kule Boston waliwapanga bakteria hawa kwa makundi ya rangi kufuatana na nani anaishi na nani, na kundi walilolipa rangi nyekundu ndilo linalokutwa zaidi kwenye mifuko ya kina inayotoka damu. Wako watatu, Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola. Huyu wa kwanza anahitaji madini ya chuma anayoyapata kwenye damu. Soma tena hapo. Fizi inavimba kwa sababu yake, ikivimba inatoka damu, na damu ndo chakula chake. Kwa hiyo uvimbe unamlisha aliyeuleta.

Ukielewa hilo unaelewa kwa nini kusafishwa kunasaidia na kwa nini peke yake hakutoshi. Daktari anapokwangua anaondoa ugaga na utando, uvimbe unashuka, damu inakatika, mfuko unanywea, hewa inaingia, wale wakorofi wanakosa makazi na chakula. Lakini hawajafa wote. Wengine wamejificha kwenye vijibonde vya mzizi, kwenye panda ya magego ambapo chuma hakifiki vizuri, kwenye ulimi, kwenye matonsili, na P. gingivalis anaweza hata kuingia ndani ya chembe za ufizi wenyewe. Hata wanandoa wamekutwa wana aina ileile kabisa, kwa hiyo na mume wangu nilimpeleka akapimwa. Mwaka 1984 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba ukishasafishwa chini ya ufizi halafu ukaacha ukoga ujikusanye juu, wale bakteria wanaotembea na wale wa umbo la skrubu wanarudi kwenye mfuko ndani ya wiki 4 mpaka 8. Wiki! Mimi nilikuwa nimekaa miezi saba.

Kwetu Muheza kila mtu analima au amelelewa na mkulima na hakuna anayepalilia mahindi mara moja akasema nimemaliza magugu. Unapalilia, unarudi tena, kwa sababu mbegu ziko kwenye udongo. Nilipoiweka hivyo kichwani hasira zangu zikapungua, nikaona kazi.

Kuna hadithi moja ya kweli nimeipenda sana. Mwaka 1683 muuza vitambaa mmoja wa mji wa Delft kule Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, aliyekuwa anajitengenezea hadubini mwenyewe, alichokonoa ukoga mweupe kati ya meno yake akauchanganya na maji ya mvua akauangalia. Na huyu alikuwa mtu msafi, anasugua meno kwa chumvi kila asubuhi. Akaona vijidudu vinaogelea, vingi mpaka akaandika kwamba watu wote wa nchi yake hawafikii idadi ya viumbe anaowabeba mdomoni. Ila kilichonishika zaidi ni hiki, alisukutua kinywa kwa siki kali, akasuuza na maji, akachukua tena ukoga wa katikati ya meno, na bado akawakuta wazima tele. Alipouchanganya ukoga na siki nje ya mdomo walikufa papohapo. Akatambua mwenyewe kwamba siki haipenyi, inaua wa nje tu. Zaidi ya miaka 300 iliyopita!

Nilikumbuka chupa yangu ya dawa ya kusukutua. Ile klorheksidini niliyopewa baada ya matibabu ya kwanza ilikuwa ya wiki mbili, mimi niliipenda ule ukali wake nikaendelea miezi miwili nikijua nafanya vizuri, meno yakapata madoa ya kahawia na chakula kikapoteza ladha, na wakati huohuo sipitishi chochote katikati ya meno. Ni dawa nzuri kwa muda wake, hasa siku ambazo ufizi una kidonda na huwezi kusugua. Lakini haipenyi ghorofa iliyokwisha kujengwa, kama siki ya yule bwana, kama vile vidonge vyangu vya duka la dawa. Bakteria walioko ndani ya utando wanaweza kuvumilia dawa kwa kiwango kikubwa sana kuliko wakiwa wanaelea peke yao. Antibayotiki zina nafasi yake kwenye fizi, kuna wagonjwa daktari anawaandikia, lakini anawaandikia pamoja na kukwangua, utando ukishavunjwa.

Jaribio lililonipa moyo ni la mwaka 1965, Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaambia waache kusafisha meno kabisa. Ndani ya siku 10 mpaka 21 wote fizi zilivimba. Wakaambiwa waanze tena kusafisha, na kwa muda kama wa wiki moja zikarudi sawa. Hebu fikiria, wiki moja. Hao walikuwa kwenye hatua ya ufizi tu, mfupa haujaguswa, ndo maana mtoto wako au mdogo wako akikwambia anatoka damu kidogo usimwambie ni kawaida, huyo yuko mahali ambapo kurudi kunawezekana kabisa.

Na kwa sisi ambao mfupa umeshaguswa, nilichokishika ni cha Per Axelsson na Jan Lindhe, wa Sweden pia, walichokitoa mwaka 1981. Walitibu wagonjwa 90 wenye ugonjwa wa fizi uliokomaa, wakawatibu vizuri wote, halafu wakawagawa. Theluthi mbili wakawa wanarudi kila baada ya miezi miwili au mitatu kusafishwa na kukumbushwa, theluthi moja wakarudishwa kwa madaktari wao wa kawaida. Baada ya miaka sita lile kundi la kwanza walikuwa wamebaki pale matibabu yalipowafikisha. Wale wengine ugonjwa uliwarudia. Walitibiwa na watu walewale, kwa ufundi uleule, tofauti ni kurudi tu. Nilisoma hiyo usiku nikamwamsha mume wangu nimsomee.

Ndo maana nasema, na hili nalisema kwa uchungu, matibabu ya fizi yasiyo na tarehe ya kurudi ni nusu ya matibabu. Aliyenitibu mara ya kwanza alikwangua vizuri tu, sina shida na mikono yake. Ila aliniachia kauli ya kwamba nimemaliza, na hiyo kauli ilinigharimu milimita za mfupa ambazo hazitarudi. Dakika mbili za maelezo, tarehe kwenye kadi, na kibrashi kimoja cha mfano mkononi, ingetosha.

Vibrashi ndo kitu kilichonibadilishia maisha. Ni vidogo, vina waya katikati na manyoya pembeni kama kile cha kuoshea chupa ya mtoto lakini chembamba kuliko kijiti cha kiberiti, vinakuja saizi tofauti na daktari ndo alinichagulia, chembamba cha mbele na kinene kidogo cha magego. Siku ya kwanza kabla ya kunipa alinitafunisha kidonge cha rangi. Nilikuwa nimetoka kupiga mswaki nyumbani, tena kwa bidii kwa sababu naenda kwa daktari, unajua tena. Akanipa kioo. Kati ya kila jino na jino kulikuwa na pinki, kwenye ufizi wa magego kwa ndani pinki ya kukolea, na nyuma ya meno ya mbele ya chini mstari mmoja mrefu wa pinki. Akanishika mkono, kwa kweli alinishika mkono kama mtoto anayefundishwa kuandika, akaingiza kibrashi kwenye nafasi, taratibu, kikapita, akakitoa akaniambia nusa. Nilinusa. Ilikuwa ileile harufu niliyokuwa naifunika na bigijii miaka yote.

Sasa hivi ikifika saa tatu usiku, watoto wakishalala, nakaa kwenye kistuli bafuni na kioo. Naanzia kushoto chini, kule nilikokuwa nakwepa, makusudi, maana ukiacha sehemu ngumu mwisho unakuwa umeshachoka. Kibrashi kinaingia mara mbili tatu kila nafasi, halafu mswaki laini, nimeulaza nusu kuelekea kwenye ufizi, natetemesha hapohapo sipigi mbele nyuma kama nasugua sufuria. Wiki mbili za kwanza damu ilikuwa inatoka na nilitaka kuacha, daktari alinionya hilo mapema, kwamba damu ya mwanzo ni ya uvimbe, sehemu inayotoka damu ndo inayohitaji kusafishwa, isipotulia baada ya wiki kadhaa njoo. Ilitulia.

Bibi yangu Mungu amrehemu alikuwa anatumia mswaki wa mti, anautafuna ncha mpaka unakuwa nyuzinyuzi, na meno yake tulimzika nayo mengi tu. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilishapendekeza utumike mahali ambapo watu wanautumia kwa desturi, mwaka 1986. Kwa hiyo simwambii mtu autupe. Ila haupiti katikati ya meno, na nyuma ya gego la mwisho unafika kwa shida, na huko ndiko kulikonila mimi. Na pia tusichanganye rangi na afya. Nina rafiki amekulia maeneo ya Meru kule Arusha, meno yake ya kahawia kwa sababu ya floraidi nyingi kwenye maji ya kule, watu wanamwona mchafu, na fizi zake ni nzima kuliko zangu mara kumi. Meno yangu mimi ni meupe, yalikuwa meupe muda wote mfupa unaliwa. Na mjomba wangu mvuta sigara anajisifu fizi zake hazitoki damu, wakati meno mawili yanacheza. Sigara inapunguza damu kuonekana, inaficha dalili tu, na mvutaji hata akitibiwa anapona kidogo kuliko wengine.

Anayenisumbua moyo ni baba. Ana kisukari muda mrefu, na meno yake ya juu yalianza kung'oka hajafika hata miaka 55, moja moja, mengine akiyatoa mwenyewe kwa vidole, na sisi wote nyumbani tulisema uzee. Kule kijijini ukipeleka jino zahanati linang'olewa, mambo ya kupima mifuko hakuna. Sikuwahi kuunganisha haya mambo mawili mpaka nilipoelezwa kwamba yanasukumana, sukari ikipanda fizi zinashindwa kupambana na kupona, na fizi zikiwa na uvimbe wa kudumu sukari inakuwa ngumu kushuka. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha mtu wa kisukari akitibiwa fizi, kile kipimo chake cha sukari cha miezi mitatu kinashuka kwa wastani wa kama asilimia 0.4. Kwa anayehangaika na dawa na mlo hiyo siyo kitu kidogo. Na Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2022 linasema wenye ugonjwa mkali wa fizi duniani ni zaidi ya bilioni moja, sasa jiulize wangapi kati yao ni wazee kama baba ambao nyumbani wanaambiwa ni uzee.

Nilimleta Dar. Alikaa kwenye kile kiti amevaa kofia yake, akakataa kuivua, daktari akasema baba hamna shida. Meno 11 ya chini na mawili ya juu. Namba zikaanza kutajwa, tano, sita, sita, nane, na mimi nimesimama miguuni pake nimeshika fimbo yake, safari hii naelewa kila moja. Alipomaliza baba akageuza shingo akaniuliza, mwanangu, nane ni nzuri? Nikamwambia baba tutaifanyia kazi.

Alisafishwa kwa awamu nne. Mara ya pili tumerudi kwenye upimaji ile nane ilikuwa sita, na nyingine zilizokuwa tano zimekuwa tatu na nne. Jino moja alishauriwa litolewe, akakubali. Vibrashi mikono yake haishiki vizuri, vidole vina ganzi ya kisukari, kwa hiyo mdogo wangu anayekaa naye amefundishwa, anampitishia usiku baada ya Isha, baba amekaa kwenye kiti cha ukili na tochi ya simu.

Mimi namba zangu nyingi ni mbili na tatu. Lile gego la nyuma chini kushoto limetoka saba likaja tano na limegoma hapo, na bado likiguswa linatoka damu, daktari anasema ni kwenye panda ya mizizi na huenda tukafungua ufizi kidogo kusafisha kwa kuona. Kadi yangu ya kurudi iko kwenye friji, ya baba iko pembeni yake. Tumepangiwa siku moja, yeye anaanza.